UV-5R: nimeipandishia faili la rafiki kwa CHIRP, sasa inasema lakini haisikii

#1 Kidali_Meru
Wakuu salamu. Nina redio ya upepo ya mkononi, Baofeng UV-5R, huu mwaka wa pili, haijawahi kunisumbua. Leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ninayo, kwa hiyo tusianzie huko. Jumamosi nikapata waya wa kuprogramu, nikaweka CHIRP, programu ya kupangia redio, kwenye laptopu. Badala ya kukaa kuandika chaneli moja moja, nikachukua faili la rafiki yangu mwenye redio kama yangu, nikalipandisha. Ule mstari ukajaa mpaka mwisho, redio ikajizima na kujiwasha, nikafurahi.

Sasa kasheshe. Chaneli 1 ni 145.500. Nikibonyeza PTT (kitufe cha kusemea), mdogo wangu ananisikia vizuri kabisa (redio yake ni hiihii, haijaguswa, yuko VFO, yaani masafa ya kupiga kwa mkono). Akijibu, taa yangu ya kijani inawaka ila spika kimya. Nikihamia VFO nikapiga 145.500 kwa mkono, namsikia kama yuko sebuleni. UHF (masafa ya 400 na kitu, hayo ya 145 ni VHF) ndiyo balaa zaidi: chaneli haisikii, VFO haisikii, hata taa haiwaki, na tumesimama mita hamsini tu. FM ya muziki inapiga kama kawaida. Nimekosea wapi?

#2 Chumvi_Kidogo
Umekosea pale uliposema "nikafurahi".

#3 Bibi_Masafa
Chaneli 1 ni toni, ile sauti ya chini inayotumwa pamoja na maneno kama ufunguo. Taa ya kijani bila sauti maana yake mawimbi yamefika mlangoni na redio imekataa kufungua. Lifungue hilo faili, angalia safu ya Tone Mode. Dau langu imeandikwa TSQL. Ingekuwa Tone tu, redio ingetuma toni pale unaposema basi. TSQL inatuma, halafu inadai na anayejibu aje na toni ileile. Mdogo wako hatumi toni yoyote, kwa hiyo anabisha hodi mpaka anachoka. Acha safu hiyo tupu, pandisha tena.

UHF ni ugonjwa mwingine, usiuchanganye na huu.

#4 fundi_soketi
Kabla ya yote: kabla hujapandisha hilo faili, ulishusha la kwako kwanza ukalihifadhi?

Nauliza kwa sababu watu wanasoma Download na Upload kwa mazoea ya intaneti. Kwenye CHIRP, Download ni kutoka redioni kuja kwenye kompyuta, Upload ni kinyume. Sheria ya kwanza ya waya huu ni kushusha, kuhifadhi lile faili la .img, ukaliita "asili" na usiliguse tena mpaka kufa. Nimeona watu wazima wanakaribia kulia kwa kukosa hilo faili moja.

#5 Kidali_Meru
Bibi, heshima yako. Ilikuwa TSQL, 88.5. Nimeifuta na chaneli 1 sasa inasikia. Asante sana.

Fundi, sikushusha. Usinipige.

#6 Chumvi_Kidogo
Tumepata marehemu mwingine.

#7 Nakuru_CQ
Pole boss. Kwangu shida ilikuwa kabla hata ya kufika huko. Waya wa bei ya chini una chipu ya kuiga Prolific PL2303, na draiva mpya ya Windows inaikataa, inakuonyesha alama ya njano na Code 10. Nililala na hiyo kitu siku tatu. Dawa ni kurudisha draiva ya zamani kwenye Device Manager na kuizuia Windows isijisasishe. Ama ununue waya wa chipu ya FTDI uishi kwa amani.

Halafu sukuma hizo pini mbili mpaka zilie tak. Ganda la plastiki la waya wangu lilikuwa nene, nikalikwangua na wembe ndiyo ikaingia vizuri. Ile "Radio did not respond" nusu yake ni pini kutoingia.

#8 MtegaSikio
Ukitumia Linux huhitaji draiva, unajiongeza tu kwenye kundi la dialout. Ila Ubuntu 22.04 kuna kitu kinaitwa brltty, ni cha vifaa vya wasioona, kinaunyakua waya wa chipu ya CH340 kikidhani ni kifaa chake. Bandari inatokea sekunde moja, inapotea. Nilibadili waya mara mbili kabla ya kujua.

#9 Bibi_Masafa
Tuirudie UHF ya Kidali. Fanya jaribio moja. Mdogo wako aongee kwenye 433.500, wewe ushikilie kitufe cha MONI, kile cha chini ya PTT. Usikibonyeze na kuachia, hiyo itakuwashia tochi. Kishikilie. MONI inafungua skwelchi, lango linalozuia mvumo, kwa nguvu. Ukimsikia, pokezi ni nzima na kosa liko kwenye skwelchi. Usipomsikia, mtafute fundi.

#10 Kidali_Meru
Nimefanya. Jibu limenichanganya zaidi. Kuna mvumo, na ndani ya mvumo namsikia, ila kwa mbali, kama anaongea akiwa ndani ya pipa. Mita hamsini hizohizo.

#11 Chumvi_Kidogo
Muulize mdogo wako kama hayuko ndani ya pipa.

#12 fundi_soketi
Hapo ndipo nilipopangoja. Kwenye CHIRP, ukitoka kwenye jedwali la chaneli ukaingia Settings, kuna sehemu ya Service Settings. Humo kuna namba za kizingiti cha skwelchi, kila ngazi ya 0 hadi 9 na namba yake, VHF peke yake na UHF peke yake. Menyu ya redio, ile namba 0 ya SQL, inakuchagulia ngazi tu. Kimo cha ngazi yenyewe kimeandikwa humu ndani. Huyo rafiki yako amepandisha vizingiti vya UHF, na wewe ukavimeza pamoja na chaneli zake.

#13 Nakuru_CQ
Fundi hapo sikubali. Faili likitoka kwa redio yenye femwea (programu ya ndani ya redio) tofauti, CHIRP hupeleka chaneli na menyu za kawaida tu, halafu inakwambia Other Settings hazikuweza kutumwa kwa sababu femwea hazilingani. Service Settings ziko upande huo. Kwa hiyo inawezekana kabisa hazikuvuka.

Kidali, uliona ujumbe wa hivyo ulipomaliza?

#14 Kidali_Meru
Sikumbuki ujumbe wowote. Lakini nilikuwa nimeshafurahi, kama tulivyosema.

#15 Bibi_Masafa
Kuna njia ya kujua bila kukumbuka. Ukiwasha redio, inaandika nini?

#16 Kidali_Meru
Inaandika KARIBU mstari wa juu, na BABU mstari wa chini. Rafiki yangu tunamwita Babu. Zamani kwangu ilikuwa maandishi ya kiwandani tu.

#17 Bibi_Masafa
Basi Nakuru umejibiwa. Salamu ya kuwashia ina mistari miwili ya herufi saba saba, na yenyewe inakaa upande uleule wa Other Settings. Kama KARIBU BABU imevuka, vizingiti navyo vimevuka. Femwea zenu zinalingana.

#18 Nakuru_CQ
Nimenyoosha mikono. Hiyo ni CSI ya kwenye TV kabisa.

#19 SimuYaUpepo
Nawasoma nacheka. Sisi tulipoanza, kubadili chaneli kulitaka fuwele. Mbili kwa kila chaneli, moja ya kutuma na moja ya kupokea, zimeagizwa nje kwa masafa uliyoyataja kwenye barua. Ukikosea kuandika tarakimu moja, unasubiri tena. Zikifika unafungua redio, unachomeka, unarekebisha kwa bisibisi ya plastiki ukiwa umeshika pumzi. Leo mtu ana chaneli 128 kwenye mfuko wa shati na analia kwa sababu kazikosea zote kwa dakika moja.

#20 Kidali_Meru
Shikamoo mzee.

#21 SimuYaUpepo
Marahaba. Redio haikuanguka?

#22 NgalawaTanga
Samahani nateka uzi kidogo. Mimi ni mtu wa bahari. Nataka kuweka 156.800, chaneli 16, kwenye redio kama hii ili ikinikuta huko nje niite msaada. CHIRP inaikubali. Nikiiweka kuna ubaya?

#23 Bibi_Masafa
Kusikiliza hakuna neno. Kutuma, redio hii haina kibali cha baharini. Iweke, halafu safu ya Duplex chagua "off". Hapo chaneli inabaki ya kusikiliza tu, hata mtoto akibonyeza PTT haitoki kitu.

#24 NgalawaTanga
Na ngalawa ikipinduka? Nitamuuliza nani kibali?

#25 Nakuru_CQ
Ikipinduka, swali litakuwa kama redio inaogelea. UV-5R haina kinga ya maji hata ya mvua ya kawaida. Na ya baharini yenye DSC (wito wa dharura wa kidijitali) ina kitufe chekundu kinachotuma mahali ulipo kwenye chaneli 70. Hii haina, hata uiprogramu vipi.

#26 NgalawaTanga
Ya baharini bei yake naijua. Ndiyo maana nipo hapa.

#27 SimuYaUpepo
Kijana wa Tanga ana hoja, msimcheke. Hatari ya roho ni jambo jingine. Lakini usiitegemee. Watt nne kwenye antena ya mpira, umekaa usawa wa maji, upeo wako ni mfupi kuliko unavyodhani. Ifunge kwenye mfuko usiopenya maji, uiweke iwe ya pili. Ya kwanza iwe ya kweli, hata kama mtachanga watu watano.

#28 MtegaSikio
Mimi nilipoweka masafa ya karibu na uwanja wa ndege wa KIA nilikuwa nawasikia marubani kabisa.

#29 Bibi_Masafa
Hapana ndugu. Ndege zinaongea kwa AM, kuanzia 118 hadi karibu na 137 MHz. UV-5R inaanzia 136 na inafungua FM tu. Uliowasikia labda ni watu wa chini, mizigo au ulinzi. Ukitaka ndege chukua Quansheng UV-K5, hiyo inapokea AM ya anga, ina chaneli 200, na femwea yake inabadilishika: unashikilia PTT huku unawasha, tochi inawaka, unamimina mpya. Ya UV-5R haibadilishiki, uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo.

#30 Chumvi_Kidogo
Marubani wenyewe walikuwa wanasema "leta toroli".

#31 MtegaSikio
😂 Sasa nimeelewa kwa nini rubani alikuwa anaulizia toroli.

#32 MwanaMaskati
Assalaam aleikum jamaa. Nawasoma kutoka Maskati. Huku redio za ridhaa zina heshima yake, marehemu Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa na ishara ya wito, A41AA.

Nauliza yakhe, Kidali, hiyo UHF unaitakia nini? Maana mitaani wengi wako VHF.

#33 Kidali_Meru
Waaleikum salaam. Nataka ripita (mtambo wa kupokea na kurusha upya sauti) ya kituo cha anga za juu, ISS. Babu aliiweka kwenye faili lake, ndiyo maana nililitaka.

#34 MwanaMaskati
Ahaa, basi sikiliza. ISS unatuma 145.990 ukiwa na toni ya 67.0, unapokea 437.800. Kwenye CHIRP unaandika masafa ya kupokea, Duplex unachagua "split", na kwenye safu ya Offset unaandika masafa kamili ya kutuma, siyo tofauti. Watu wengi wanateleza hapo. Tone Mode iwe Tone, siyo TSQL, usirudie yale ya chaneli 1.

Halafu usiweke chaneli moja. Kituo kinakuja kwa kasi, kwa hiyo 437.800 inakufikia ikiwa juu kidogo, inashuka kadiri kinavyopita. Weka tano:

ISS-1 437.810
ISS-2 437.805
ISS-3 437.800
ISS-4 437.795
ISS-5 437.790

Zote zitume 145.990. Kikichomoza uko ISS-1, sauti ikianza kukwaruza unashuka moja. Kikiwa juu ya kichwa uko ya tatu. Dakika kumi hivi kimekwenda zake. Setilaiti SO-50 ya Wasaudi, iliyorushwa 2002, inapangwa vivyohivyo, kushuka 436.795 na kupanda 145.850, ila hiyo inataka kwanza toni ya 74.4 kuiamsha, saa yake ya dakika kumi ianze, ndipo uongee na 67.0. Kwa hiyo ongeza chaneli ya sita ya kuiamshia.

Na kwa kazi hii skwelchi weka 0. Mvumo vumilia. Ukisubiri skwelchi ifunguke, herufi za kwanza za ishara ya mtu zimeshapita.

#35 fundi_soketi
Uzi umepata mtu. Maskati, hifadhi hiyo kwenye CSV watu wachukue.

#36 Chumvi_Kidogo
Watu wachukue faili la mtu mwingine wasilolijua? Kwenye uzi huu huu?

#37 MwanaMaskati
😂 Wallahi kweli. Andikeni kwa mikono.

#38 Kidali_Meru
Nimerudi. Nimeshusha faili la redio ya mdogo wangu, nimelifungua kando ya la Babu. Fundi ulikuwa sahihi. Vizingiti vya UHF vya Babu vimezidi vya mdogo wangu karibu mara mbili, tangu ngazi ya 1. Nimempigia. Anasema alivipandisha makusudi, anakaa chini ya kilima chenye minara, UHF kwake ilikuwa inapiga kelele usiku kucha. Akasahau kuniambia.

Nimeandika za mdogo wangu, nimepandisha. Taa ya kijani sasa inawaka, sauti inatoka.

#39 fundi_soketi
Karibu tena duniani.

#40 Kidali_Meru
Subiri. Jana jioni tukajaribu mbali, yeye nyumbani, mimi barabarani, kama kilomita mbili. VHF tunaongea. UHF, alipokuja nilipo, kwa redio yake namsikia mtu wa tatu vizuri, kwa yangu hakuna kitu, hata kwa MONI. Tukabadilishana antena, hali ileile. Tukabadilishana betri, ileile. Namba zote za skwelchi zinafanana sasa.

#41 Nakuru_CQ
Si nilisema kuna kitu kingine. MONI inapita skwelchi. Kama kwa MONI hakuna kitu, vizingiti havihusiki. Hata siku ile ya pipa, vizingiti visingeweza kuipunguza sauti.

#42 Bibi_Masafa
Kweli. Ile ya pipa niliiachia ipite, nimekubali kosa. Sasa angalia safu ya Mode, isije ikawa umeweka NFM (FM nyembamba) na wenzako wako FM pana, au kinyume.

#43 Kidali_Meru
Nimeangalia. Zote FM.

#44 fundi_soketi
TDR (kusikiliza masafa mawili kwa zamu) je, menyu 7? Ikiwa imewashwa inarukia upande wa B ukiwa unasubiri A.

#45 Kidali_Meru
Imezimwa tangu siku ya kwanza.

#46 MtegaSikio
Mimi naona ni minara. Hizi redio zote kazi yake inafanywa na chipu moja tu, RDA1846, hazina vichujio vya maana mbele. Ukisimama karibu na mtambo wa FM wa nguvu, pokezi inazibwa masikio, inakuwa kiziwi bila kuonyesha dalili. Barabarani hapo uliposimama kuna nini?

#47 Nakuru_CQ
Ya mdogo wake ilisimama palepale na ikasikia.

#48 MtegaSikio
Redio mbili za Baofeng hazifanani hata zikitoka boksi moja.

#49 SimuYaUpepo
Niliuliza swali namba 21 nikanyamaziwa. Haikuanguka?

#50 Kidali_Meru
Mzee... mwezi wa tatu iliruka kutoka kwenye bodaboda. Ila iliendelea kufanya kazi.

#51 Chumvi_Kidogo
Kurasa zote hizi.

#52 SimuYaUpepo
Iliendelea VHF. UHF uliwahi kuijaribu baada ya hapo, kabla ya waya?

#53 Kidali_Meru
Sikumbuki. Nadhani sikuwa na wa kuongea naye UHF.

#54 fundi_soketi
Basi ni soketi ya antena imepasuka kwenye bodi. Ufa mdogo, VHF inapita, UHF inakufa. Nimezichomelea nyingi. Ilete.

#55 Bibi_Masafa
Au mmebadilishana antena mkakaza vibaya. UV-5R ina pini yake, inataka antena ya SMA ya kike. Kuna mmoja alilazimisha ya kiume akalalamika miezi miwili.

#56 Nakuru_CQ
Nakubali soketi kwa asilimia sitini. Arobaini naiweka kwenye faili bado. Kwenye hiyo Settings kuna vitu vingine nje ya skwelchi, na hajui Babu aligusa vingapi.

#57 Kaptula
Habari zenu, mgeni hapa. Nimesoma uzi wote kwa sababu yangu ina ugonjwa uleule, VHF safi, UHF kiziwi baada ya kilomita moja. Haijaanguka. Sijawahi kuchomeka waya. Kwetu hakuna mnara hata mmoja.

#58 Chumvi_Kidogo
Tuanze upya. Kaptula, ukiwasha inaandika nini?

#59 Kaptula
Inaandika tu WELCOME. Waya mnapata wapi?